Kumtafutia Katekista Mke

Harufu ya chenga za mchele zilizolowa maji ndiyo inayonirudisha. Kila nikipita nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pale pumba zinapomwagwa na njiwa wa mji mzima wanapogombania punje, harufu ile tamu yenye uchachu kidogo hunipata puani. Kabla sijajizuia ninakuwa tena na miaka kumi na minne, nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiganja kimejaa chenga, nikimbembeleza ndege ale.

Wenzangu sokoni nikiwasimulia kisa hiki hucheka, nami hucheka nao, maana kweli kinachekesha. Lakini kuna sehemu ambayo sokoni huwa naiacha. Ninyi nitawaambia yote.

Tulikuwa watatu. Mimi wa kwanza, Fidelis akiwa na miaka tisa, na Tekla mitano. Baba alifariki Tekla akiwa hajatambaa, na tangu hapo mama alitulea kwa samaki. Kila wiki alidandia Fuso, lori la mpunga, asubuhi kwenda Mofu, akanunua perege na kambale kwa wavuvi wa mtoni, akarudi nalo jioni, na kesho yake alikuwa sokoni Ifakara na beseni lake. Khanga zake, nywele zake, hata rozari yake vilinuka samaki wa moshi. Alipoanza kuugua niliacha shule, nikiwa darasa la sita, nikalishika beseni mimi. Alipofumba macho nilikuwa tayari najua kupanga samaki wakubwa juu na wadogo chini, na kumjibu mteja anayebinya samaki wote kisha asinunue hata mmoja.

Alituachia nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba viwili, beseni lile, na jozi ya njiwa. Banda lao lilikuwa kreti la soda ambalo baba alilipigilia juu ya nguzo uani. Dume tulimwita Katekista, kwa sababu kila asubuhi alitembea juu ya bati akiinamisha kichwa na kunung'unika mfululizo, kama anayeongoza rozari na hataki mtu amkatize. Jike alikuwa Mama Chenga. Fidelis alitaka aitwe Sista, akapata kofi jepesi kutoka kwa mama, aliyesema kuna mambo hata njiwa hawapaswi kusingiziwa.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani kwetu. Msemaji alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuja kutoka Mahenge. Alizaliwa na kukulia kwenye uwanja wetu huu, lakini alioa Mahenge na akajenga hukohuko, kwenye kiwanja cha wakwe zake, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja mbele yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya upole. Alieleza mpango kama mtu anayepakua wali na kutaka kila sahani ipate: Fidelis aende naye Mahenge, Tekla achukuliwe na shangazi Kisawasawa, na mimi nitafutiwe kazi za ndani Morogoro. Shangazi alitikisa kichwa kukubali huku akifuta machozi. Halafu baba mdogo akainua macho, akawaona Katekista na Mama Chenga wamekaa bega kwa bega juu ya bati.

"Njiwa hawadanganyi," akasema. "Nyumba ikifa, wao ndio wa kwanza kuhama. Hawa naona bado wapo. Haya, tusiharakishe. Tungoje arobaini, tuone."

Kwetu jambo hilo halikuwa la kubishaniwa. Njiwa hawakai penye ugomvi, na hawakai mahali ambapo moto wa jikoni unakaribia kuzimika. Mimi nililishika neno lake kwa mikono miwili. Njiwa wakikaa, nasi tunakaa. Niliona ni jambo rahisi.

Wiki haikuisha, mwewe akamchukua Mama Chenga.

Nilikuwa nachambua mchele. Kivuli kilipita juu ya ungo, nikasikia mpigo mmoja tu, kama mtu amekung'uta shuka, na manyoya machache meupe yakashuka polepole yakaangukia ndani ya mchele. Tekla aliyaokota moja moja. Mimi nilirusha jiwe, likaenda kutua kwenye bati la jirani, na jirani akatoka kuuliza nani anampiga.

Jirani huyo alikuwa Mama Onesmo, mwanamke ambaye aliona kila kitu cha mtaa wetu na alikitolea maelezo kabla hujamuuliza.

Katekista alikaa kwenye mlango wa banda siku tatu bila kushuka. Hakunung'unika tena. Nilipanda juu ya ndoo nikampelekea chenga kavu akazikataa, nikazilowesha akazikataa, Tekla akamletea mtama alioutoa sijui wapi, akaugeuzia mgongo. Siku ya nne akaruka. Nikafurahi, mpaka nilipoona ameruka hadi bati la Mama Onesmo, akakaa pale kutwa, na kesho yake vilevile.

"Gaude," Mama Onesmo aliniita kutoka uani kwake, "huyu mjane wenu leo tena kashinda kwangu. Mimi sijamwita."

"Atarudi, mama."

"Anarudi kulala tu. Huyo si mwenyeji tena, mwanangu, huyo mpangaji. Anaanza kuaga."

Kama angenitukana ingekuwa afadhali. Niliingia ndani, nikakaa juu ya kitanda cha mama, nikajiambia kwamba hakuna atakayehama nyumba hii, mwenye mabawa wala asiye na mabawa. Ndege aliyefiwa atatafutiwa mwenzake. Watu hufanya hivyo.

Sokoni njiwa walikuwepo, lakini wanauzwa kwa ajili ya supu, wamefungwa miguu, na muuzaji mwenyewe hajui yupi dume yupi jike. Nikamkumbuka Mayu Kabula. Alikuwa mama wa Kisukuma, wao ni watu waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na boma lake lilikuwa nje kidogo ya Mofu, karibu na mahali Fuso linapogeuzia. Mama alizoea kupumzika kwake akisubiri gari, na alirudi akituhadithia kwamba njiwa wa Mayu ni wengi hadi nyasi za paa hazionekani. Mama Onesmo aliposikia ninakokwenda alishika kiuno. Mwaka uliotangulia ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wameingia kwenye mpunga wa kaka yake.

"Kwa Wasukuma? Njiwa wao atakula nini hapa, utamkamulia maziwa?"

"Atakula chenga, mama. Atazoea."

Dereva wa Fuso alinipandisha bila kuuliza. Alinipa nafasi ileile ya mama, juu ya magunia matupu. Nilimkuta Mayu Kabula akisukasuka kibuyu cha maziwa mbele ya zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu." Kwao neno hilo ni mama, na humwita hivyo hata mtoto wa kike kwa heshima. Alinitazama usoni, akaacha kusukasuka. "Wewe wa mama samaki. Umefanana naye mpaka kusimama. Tulisikia, mayu. Pole. Kaa kwanza unywe."

Nilikunywa maziwa ya mgando mpaka kata ikaisha, kisha nikasema nimekuja kuposa.

"Unamposea nani?"

"Njiwa wangu. Kafiwa na mke."

Alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini. "Una ng'ombe wangapi?"

"Sina hata mbuzi."

"Basi utampata bure, kwa ajili ya mama yako. Lakini usije kunilalamikia. Kwetu mke asiyetolewa ng'ombe hajui kama ameolewa."

Alipanda ngazi yake ya miti, akaingiza mkono bandani, akatoa mmoja wa kijivu. Akampapasa tumboni kwa kidole, pale chini karibu na mkia, akapima mifupa miwili iliyo hapo. Ikiwa imebanana ni dume, aliniambia, ikipitisha kidole ni jike. Akampima huyo na kumrudisha. Wa tatu, mwenye madoa shingoni, ndiye aliyetiwa kwenye tenga langu.

"Wafunge pamoja," akasema. "Usifungue mpaka atage. Ndege mwenye mayai ana kwake. Asiye na mayai ana alikotoka tu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nataka mjue kwamba nilimsikia vizuri sana.

Tuliziba mlango wa kreti kwa kipande cha wavu wa samaki. Siku mbili za kwanza yalikuwa mapigano matupu; jike alimdonoa Katekista kichwani hadi Fidelis akasema tumemletea mwalimu wa nidhamu. Siku ya tatu Katekista akala. Siku ya tano alianza kunung'unika, kwa sauti ya chini kwanza, kisha rozari nzima. Ya tisa niliwaona wakilishana midomo, shingo zimepindana, jike amefumba macho.

Na hapo nikafanya kosa langu. Arobaini ilikuwa inakaribia. Mama Onesmo alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba njiwa tunaye lakini tumemfunga kama mwizi, na njiwa aliyefungwa si ushahidi. Nilitaka waonekane juu ya bati, bega kwa bega, mchana kweupe. Na kichwani mwangu, nikiwa binti wa watu wangu, sikuona hatari. Kwetu mke akishampokea mume, ameshafika. Anakaa kwa mume. Nilidhani njiwa nao wanalijua hilo.

Nikaondoa wavu.

Jike alitoka kwanza. Alipanda juu, akazunguka nyumba mara moja, mara mbili, na Katekista nyuma yake akipiga mabawa kwa furaha, na mimi chini nimeinua mikono kama mjinga. Mzunguko wa tatu jike hakuumaliza. Alinyoosha shingo kuelekea Mofu, akaenda moja kwa moja. Katekista alisita juu ya bati letu, nasema kweli, alisita. Kisha akamfuata.

Siku zilizofuata nilifagia uwanja mara tatu kwa siku ili niwe nje atakaporudi. Hakurudi. Siku mbili kabla ya arobaini dereva wa Fuso alisimama mbele ya meza yangu sokoni akasema, "Mayu Kabula anakusalimu. Anasema mkwe wake anakula vizuri."

Kesho yake nilikuwa juu ya magunia tena, na tenga mapajani. Nilipanga yote njiani. Nitamkamata, nitamkata manyoya ya bawa moja, nitamweka juu ya bati, na kesho baba mdogo atainua macho na kumkuta pale.

Mayu alinicheka kwanza, kama nilivyotarajia. "Nilikuambia. Hukutoa ng'ombe, binti amerudi kwao. Na bwana harusi amekuja na hakuna hata kazi anayofanya." Nilipomweleza kuhusu arobaini, na Morogoro, na Tekla, aliacha kucheka. Akaishikilia ngazi yake.

"Mchukue," akasema. "Ni wako. Mchukue na mkewe pia."

Nilipanda. Ilikuwa saa sita mchana na ndani ya banda kulikuwa na giza na joto la majani makavu. Jike hakuwepo, alikuwa chini anakula. Aliyelala kiotani alikuwa Katekista. Alinitazama kwa jicho moja jekundu, na nilipoingiza mkono alinipiga kwa bawa, yeye ambaye nilimlisha kwenye kiganja. Vidole vyangu vikapita chini ya tumbo lake, vikagusa mayai mawili, moto, laini, madogo kuliko nilivyokumbuka.

"Nikimtoa, haya yatakuwaje?"

"Yataoza," Mayu alijibu kutoka chini. "Si neno, atataga mengine. Ndiyo ndege."

Nilikaa na mkono wangu mle ndani muda mrefu. Sikuwa na huruma. Nawaambia hili kwa sababu sokoni hudhani nilikuwa na huruma. Nilikuwa na hasira. Kila mtu kwetu alikuwa na sababu nzuri ya kuvunja nyumba yetu, na zote zilisemwa kwa upole, na zote ziliishia kwa neno kama lile, kwamba si neno, wataishi. Nami nikajikuta juu ya ngazi ya mtu mwingine, na sababu nzuri mkononi.

Nikautoa mkono. "Kaa," nikamwambia Katekista. Nikashuka.

Dereva aliona tenga tupu. "Umemkosa?"

"Nimemwacha."

Akawasha gari.

Siku ya arobaini, baada ya misa na baada ya watu kula, baba mdogo alisimama uani. Mifuko miwili ya nailoni, mmoja wa Fidelis na mmoja wa Tekla, ilikuwa kizingitini. Shangazi alikuwa ameifunga tangu asubuhi. Basi la kwenda kivukoni, njia ya Mahenge, lilikuwa linaondoka mchana ule. Baba mdogo alilitazama bati, kisha banda.

"Gaudensia. Njiwa yuko wapi?"

Nilipiga magoti mbele yake. Mama alinifundisha kwamba ukimkatalia mkubwa, umkatalie ukiwa umepiga magoti.

"Yuko Mofu, baba mdogo."

"Mofu anafanya nini?"

"Kaoa. Kahamia kwa mkewe."

Kisha Mama Onesmo akaziba mdomo kwa khanga, lakini kicheko kikampitia puani, na baada yake mtu mwingine, na mwingine, mpaka wazee wawili wakawa wanatazama chini mabega yakitikisika. Sikukusudia. Au labda nilikusudia kidogo. Uso wa baba mdogo uliiva.

"Kwa hiyo amehama."

"Amehama yeye."

"Nilisema nini siku ya matanga?"

"Ulisema njiwa wakihama, nyumba imekufa. Lakini waliokufa ni baba na mama. Nyumba ni hii hapa, nimeifagia asubuhi."

"Usibishane na wakubwa."

"Sibishani, baba mdogo. Nasema hatuondoki."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Nilisubiri mtu yeyote aseme neno upande wetu, na hakuna aliyesema. Nikainuka, nikaichukua ile mifuko miwili, nikafungua mafundo ya shangazi, nikamimina nguo zote ndani ya beseni la samaki. Nikachukua ndoo ya maji nikazimwagia. Gauni la Tekla la kanisani, kaptura za Fidelis, sweta aliloandaliwa kwa baridi ya Mahenge, vyote vikazama.

"Una wazimu wewe?" shangazi akasema.

"Ni chafu, shangazi. Hawawezi kusafiri na nguo chafu."

Nikapiga magoti tena, safari hii mbele ya beseni, nikaanza kufikicha. Tekla akaja akachutama kando yangu, akatia mikono. Fidelis akaleta sabuni. Hakuna aliyemtuma.

Baba mdogo alikuja akasimama juu yetu. Niliona viatu vyake tu, vimepigwa rangi juu ya nyufa.

"Utawalisha nini?"

"Samaki."

"Na shule yako?"

"Yangu imekwisha. Yao bado."

Alisimama pale mpaka nikamaliza gauni na kulikamua. Akatazama jua, akatazama saa yake. "Haya," akasema, kwa sauti ya kusikika na uwanja mzima. "Nguo zikikauka, nitarudi kuwachukua."

Akaondoka kuwahi basi.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Fidelis nilimsukuma shuleni mpaka kidato cha pili, kisha akanishinda. Leo anaendesha pawatila, trekta dogo la kulimia, mashambani. Tekla alisoma, ni mwalimu. Kuna miezi tulikula dagaa na ugali mpaka tukachukiana. Baba mdogo alirudi baada ya mavuno na gunia la mahindi, akala, akalala, akaondoka, na habari ya nguo hakuigusa. Aliendelea kuleta gunia hilo kila mwaka hadi alipofariki.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kuondoa wavu mapema. Sasa naona kosa lilianza siku ile nilipodandia Fuso na tenga tupu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshakubali kwamba ndege ndiye aamue kama sisi ni nyumba au si nyumba. Nilikimbia huku na huko kumtafutia mke ili kinywa chake kiseme kile ambacho changu kiliogopa kusema.

Na jambo jingine nilichelewa zaidi kulielewa. Nilizoea kusimulia kwamba siku ile nilimshinda baba mdogo. Nilikuwa mtu mzima, naanika nguo za mwanangu mwenyewe kwenye kamba ileile, ndipo nilipoona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Jua la Ifakara hukausha gauni la mtoto kabla wali haujaiva. Yeye alikulia kwenye uwanja huu, mama yake alianika nguo zake hapahapa. Alijua kwamba zingekauka kabla basi halijafika kivukoni.

Alikuwa ameshazikwa nilipolitambua hilo, kwa hiyo sikuwahi kumshukuru. Lakini kama asingesema vile, bali angesimama akangoja zikauke, ningezimwagia maji tena.